Santuri 340 zisizo na mkwaruzo: uchambuzi wa kisa cha ununuzi wa jumla

Majina, mahali na chochote kinachoweza kumtambulisha mtu nimeviondoa. Aliyenunua nitamwita mnunuzi. Aliyeuza nitamwita binti, maana ndivyo alivyokuwa: binti wa mwenye santuri, ambaye alikuwa ameshafariki. Mimi niliingia katikati, mambo yalipokwisha haribika, nikaitwa kusikiliza.

Usuli

Mnunuzi alikuwa na miaka sita akikusanya santuri za mtumba, LP (santuri ndefu, yenye nyimbo kadhaa kila upande) moja hapa, mbili pale. Jicho lake lilikuwa zuri kuliko langu. Alijua kuinamisha sahani chini ya taa mpaka mwanga uteleze juu yake, na alijua kupitisha ukucha taratibu kuona kama mkwaruzo ni wa juu juu au umeingia ndani. Madaraja ya wakusanyaji aliyajua kwa moyo: NM kwa iliyo karibu na mpya, kisha VG+ na VG kwa iliyo nzuri sana, mpaka kufika G, herufi inayodai kwamba sahani ni nzuri ilhali kila mkusanyaji anajua imechoka.

Binti alikuwa anahama nyumba. Baba yake aliacha santuri 340, karibu zote LP za inchi 12, pamoja na sanduku moja la santuri 22 za kaka yake. Alitaka ziondoke zote siku moja kwa mtu mmoja, bila kuchaguliwa. Bei aliyotaja, ukiigawa kwa idadi, ilikuwa kama theluthi ya ile ambayo mnunuzi amezoea kulipa kwa sahani moja safi.

Siku ya ukaguzi

Rafu yenyewe ilikuwa darasa. Santuri zilisimama wima, hazikulala wala kuegemeana, zimekaa kwa kubanana kiasi tu cha kuweza kuchomoa moja bila kuivuta ya jirani. Kila sahani ilikuwa ndani ya mfuko laini wa plastiki, na mdomo wa mfuko umegeuzwa juu ili vumbi lisiingie kupitia uwazi wa jalada. Majalada hayakuwa na ile pete inayochorwa na sahani inapokandamizwa kwa miaka.

"Baba hakumruhusu mtu kuzishika," binti alisema. "Hata sisi watoto tulikuwa tunaomba."

Mnunuzi alichomoa arobaini, na hakuzitoa mbele tu. Alitoa za rafu ya juu, za chini, za nyuma na za pembeni. Kwa macho zote zilikuwa NM. Kwenye kumi kati ya hizo alilinganisha namba ya jalada, namba ya lebo, na namba iliyochongwa kwenye ukanda mtupu kati ya wimbo wa mwisho na lebo, maana hapo ndipo unapojua kama sahani iliyomo ni ile inayotajwa na jalada au ni chapa ya baadaye iliyopachikwa. Zote zilipatana.

Sanduku la kaka hakulihesabu. Lilikuwa na majalada yaliyochanika, alama za vidole na mikwaruzo inayoonekana ukiwa umesimama mlangoni. Alilichukua kwa sababu lilikuwa sehemu ya mzigo.

Hakupiga hata sahani moja. Nilipomuuliza kwa nini, alitoa sababu tatu. Hakuona mashine sebuleni. Binti alimwambia kuna mtu mwingine anakuja kesho yake. Ya tatu aliitoa baada ya kusitasita: aliona haya kuomba apige muziki katika nyumba ambayo bado ina majonzi. Mbili za kwanza ni visingizio vya kawaida vya mnunuzi. Ya tatu naiheshimu, ingawa ndiyo iliyomgharimu.

Wiki tatu za kuilaumu mashine

Usiku wa kwanza aliweka LP aliyokuwa akiitafuta kwa miaka miwili. Wimbo wa kwanza ulitoka vizuri. Kwenye wa tatu, kila herufi "s" ya mwimbaji ilianza kutema mate. Kwenye wimbo wa mwisho wa upande ule, tarumbeta zilitoka kama karatasi inayochanwa. Alijaribu ya pili, ya tatu, ya nane. Hadithi ni ile ile: inaanza safi, inaishia imepasuka, na kila muziki unapopanda ndivyo mpasuko unavyozidi.

Akahitimisha kwamba kasoro iko kwake. Si hitimisho la kijinga. Sahani nane tofauti, zimetoka viwanda tofauti na miaka tofauti, zote zina ugonjwa mmoja, na kitu kimoja kinachoziunganisha ni mashine iliyo mbele yako. Aliongeza uzito wa sindano kutoka gramu 1.8 hadi 2. Alipanga upya pembe ya kichwa, kile kinachobeba sindano, kwa karatasi ya kupimia. Alinunua sindano mpya. Kisha akageukia uchafu: alizisafisha thelathini kwa maji yaliyochujwa na matone machache ya sabuni isiyo na manukato, akazikausha zimesimama. Vile vidoa vya "tik, tik" vilipungua sana. Mpasuko haukubadilika hata kidogo.

Katikati ya usafishaji huo ndipo lilipotokea kosa dogo ambalo limo kwenye kisa hiki kwa sababu linawapata wengi. Kulikuwa na sahani tano za kale za mizunguko 78 kwa dakika. Kwenye ile ya kwanza alitumia mchanganyiko wenye spiriti aliokuwa akiutumia kwa LP bila tatizo. Uso wa sahani ukafifia na kuanza kunata chini ya kitambaa. LP, tangu kampuni ya Columbia ya Marekani ilipozileta sokoni mwaka 1948, ni za vinaili, aina ya plastiki. Sahani nyingi za 78 ni za shelaki, aina ya utomvu mgumu, na spiriti huyeyusha shelaki. Ile moja ilikufa. Nne zilizobaki aliziacha.

Wiki ya tatu alinipigia simu. Nilimwomba kitu kimoja kabla sijaenda: apige santuri yake mwenyewe ya zamani, anayoijua, mpaka wimbo wa mwisho. Ilitoka safi kutoka mwanzo hadi mwisho. Kwa hiyo mashine ilikuwa nzima tangu siku ya kwanza, na wiki tatu zilikuwa zimeteketea.

Nilipofika sikusikiliza nyimbo. Nilisikiliza pengo kati ya wimbo na wimbo. Mkwaruzo na uchafu hupiga kelele hata pale ambapo hakuna muziki, kwa sababu ni vitu vilivyomo njiani mwa sindano. Uchakavu wa mfereji, ule mstari mwembamba uliochongwa ambamo sindano hupita, hunyamaza kwenye pengo na huamka na muziki, kwa sababu kilichoharibika ni muziki wenyewe. Mapengo ya sahani zile yalikuwa kimya kabisa. Hapo tukajua tunatafuta nini, ila hatukujua nani kafanya.

Picha ndani ya jalada

Jibu lilikuja kwa mlango wa nyuma. Mnunuzi alikuta bahasha yenye picha za familia ndani ya jalada moja. Akazirudisha.

"Dada, hizi si zangu," alisema.

Binti alizitazama kwa muda, akashukuru, kisha akasema: "Na kile kinanda chake cha kupigia santuri bado kipo, kaka. Nilidhani hukukitaka."

Kilikuwa chumba cha pili, kimefunikwa kwa kitambaa. Mnunuzi aliweka mizani ndogo chini ya sindano: ilisoma karibu gramu 4. Kichwa cha sumaku cha aina ile kwa kawaida hupangwa kati ya gramu 1.5 na 2. Aliazima sindano, tukaiweka chini ya kioo cha kukuzia mara 60. Ncha ya almasi iliyo nzima hung'aa, imeviringika, kama tone. Hii ilikuwa na mabapa mawili, moja kila upande, na mahali bapa linapokutana na sehemu ya duara palikuwa na ukingo. Fikiria kiti kilichoburutwa sakafuni miaka mingi mpaka miguu ikalika kwa mshazari.

Ndani ya droo ya kinanda mlikuwa na daftari. Mzee alikuwa mtu wa mpangilio: kila santuri na tarehe aliyoinunua, na vijistari vya kalamu kando ya zile alizozipiga, vikundi vya vitano vitano, vingine vikijaza mstari mzima. Na ukurasa wa nyuma, tarehe za kubadilisha sindano. Ya mwisho ilikuwa miaka 19 kabla ya kifo chake. Miaka yote hiyo aliendelea kununua, na kupiga.

Almasi inavyokula plastiki

Mfereji wa santuri una kuta mbili, na muziki umechorwa kwenye kuta hizo kama mawimbi. Sauti nzito ni mawimbi marefu, sauti kali ni vijiwimbi. Sahani inazunguka kwa mwendo ule ule, lakini duara la nje ni refu kuliko la ndani. Mwanzoni mwa upande mfereji hupita chini ya sindano kwa kasi ya kama sentimita 50 kwa sekunde, na karibu na lebo hushuka hadi kama 21. Sauti ya mitetemo 10,000 kwa sekunde, iliyokuwa na nafasi ya maikromita 50 pale nje, inabanwa kwenye maikromita 21 pale ndani. Ncha ya kawaida ya duara ina nusu-kipenyo cha kama maikromita 18. Hata ikiwa mpya kabisa, kule ndani inahangaika kuingia kwenye kona.

Sasa weka ncha iliyolika. Haiwezi tena kufuata vijiwimbi, inavipita kwa ukingo wake na kuvichonga. Sauti nzito haiguswi sana. Zinazochongwa ni "s", matoazi, tarumbeta, na zaidi kwenye wimbo wa mwisho. Ongeza uzito maradufu na kuchonga kunakwenda kwa kasi zaidi.

Uso wa juu wa sahani, ule unaong'aa chini ya taa, sindano haiugusi. Ndiyo maana jicho la mnunuzi halikukosea hata mara moja kwenye zile arobaini. Zilikuwa NM kweli, kwa kile ambacho jicho hufikia. Wakati mwingine mfereji uliochakaa huonyesha weupe-weupe kwenye sehemu za kelele, lakini hapa hata hilo halikuonekana.

Mzee je, hakusikia? Nadhani hapana, na simlaumu. Uchakavu huja kidogo kidogo, kila siku ikifanana na jana. Tena umri unapopanda, sikio hupoteza kwanza zile sauti za juu. Kile alichokuwa akikiharibu ndicho ambacho sikio lake lilikuwa limeacha kukipokea.

Maamuzi baada ya kujua

La kwanza lilikuwa kama arudishe mzigo. Mnunuzi alilala nalo siku mbili, akaamua hapana. Binti hakusema uongo. Alisema baba alizitunza, na alizitunza kweli. Hakuulizwa juu ya kinanda, na hakukificha. Mimi ningefanya hivyo hivyo, ingawa najua wakusanyaji ambao wangerudi kudai angalau nusu.

La pili ndilo lililonifurahisha. Badala ya kusikiliza sahani 340 moja baada ya nyingine, alilitumia daftari kama ramani. Alichukua ishirini, akaandika pembeni ubashiri wake kabla ya kusikiliza: ilinunuliwa lini ukilinganisha na tarehe ya sindano ya mwisho, ina vijistari vingapi, kwa hiyo itakuwa safi au imeliwa. Alipatia 17. Baada ya hapo alisikiliza kila sahani kwa dakika mbili tu, mwisho wa kila upande, akianza na zile ambazo daftari lilisema ni nzima.

La tatu lilikuwa kujaribu ncha ya umbo jingine. Ncha za mguso mrefu, ambazo ile ya Shibata ya miaka ya 1970 ni mojawapo, hugusa ukuta wa mfereji kwa mstari mwembamba unaoanzia juu na kushuka chini zaidi, badala ya kugusa alama moja tu kama ncha ya duara. Zikiwa na bahati zinakuta sehemu ya ukuta ambayo ncha ya zamani haikuifikia. Aliazima moja kabla ya kununua. Hilo lilikuwa jambo la busara, kwani ncha hizo ni ghali na hazitibu kila kitu: ukuta uliochongwa kote kote hauna cha kusoma.

La nne: zile atakazouza, ataziuza kwa daraja la sikio, na ataandika kwa maneno kwamba mwisho wa upande umechakaa ingawa sahani inang'aa.

Matokeo

Santuri kama 90 zilikuwa safi. Nyingine kama 110 zilipona kiasi cha kusikilizika kwa ncha ya mguso mrefu. Zilizobaki, kama 140, mwisho wa upande umekwenda na haurudi. Kati ya hizo 140 zimo karibu zote zenye vijistari vingi, maana yake zile ambazo mzee alizipenda, ambazo pia ndizo zilizomvutia mnunuzi kununua mzigo mzima.

Mnunuzi aliuza kama mia mbili, safi na mbovu, kila moja kwa daraja lake. Alirudisha fedha yake. Muda wa miezi minne hakuurudisha.

Na lile sanduku la kaka? Zile 22 chafu zilipigwa kwenye mashine nyingine, pengine kwa miaka michache tu. Baada ya kuoshwa, kumi na tano zinatoa "tik" hapa na pale kwenye mapengo, na muziki wenyewe unatoka mzima mpaka karibu na lebo. Moja yake ndiyo iliyo kwenye kinanda cha mnunuzi mara nyingi kuliko zote alizonunua kwa hamu.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi kiko wazi: kuchomoa kutoka kila pembe ya rafu, kulinganisha namba, kurudisha picha, na ubashiri ulioandikwa kabla ya kusikiliza. Hili la mwisho nalisisitiza, kwa sababu mtu akishaisikia sahani ni rahisi kujidanganya kwamba alijua.

Kilichoshindwa ni kizito zaidi, na si kwamba "hakusikiliza" tu. Mnunuzi alikagua mkusanyiko wa mtu mmoja kwa utaratibu wa sahani za watu wengi. Ukinunua santuri moja moja, kila moja imetoka mashine yake, na kosa la mashine moja linakuathiri mara moja. Mkusanyiko wa nyumba moja umepita chini ya sindano moja. Arobaini kati ya 340 si sampuli ya 340 katika jambo hilo, ni sampuli ya moja. Kitu cha kukagua kwanza kilikuwa sindano, na ilikuwa hatua kumi kutoka kwenye rafu, chini ya kitambaa.

Halafu kuna ule mtego wa utunzaji. Mifuko mipya, rafu iliyonyooka, watoto wanaoomba ruhusa: vyote vilimwambia mnunuzi kwamba huyu ni mtu makini, na mtu makini hubadilisha sindano. Hitimisho halifuati. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti, ila hapa mkakasi ulikuwa mzuri kwa nia njema. Utunzaji wa jalada unahitaji mikono safi, utunzaji wa mfereji unahitaji kuhesabu saa. Sindano ya almasi hukadiriwa kudumu kati ya saa 500 na 1,000. Upande mmoja wa LP ni kama dakika 20, kwa hiyo anayepiga LP moja nzima kila jioni anafikisha saa 240 hivi kwa mwaka. Miaka 19 ni mara nyingi mno.

Kosa la tatu lilikuwa mpangilio wa majaribio. Kupiga santuri unayoijua hakugharimu kitu na kunachukua dakika ishirini. Yeye alianza na sindano mpya.

Kuhusu haya aliyoona, tulizungumza sana. Sikubali kwamba kulikuwa na kuchagua kati ya heshima na ukaguzi. Angeweza kuuliza: "Dada, mzee alikuwa akizipigia wapi?" Ni swali ambalo mtu aliyefiwa hulijibu kwa furaha, na lingemfikisha chumba cha pili bila kupiga noti hata moja. Kioo cha kukuzia kinaingia mfukoni.

Mnunuzi sasa anacho. Anacho pia kile kinanda, binti alimpa bure siku ile ya picha. Amekiwekea sindano mpya, gramu 1.8, na tarehe ameiandika kwenye ukurasa wa nyuma wa daftari la mzee, chini ya ile ya mwisho.